Safari Hii Sichekeshi

Mzani wa wodini ulishindwa kumpima. Mshale ulizunguka mpaka mwisho wa namba, ukagota hapo ukitetemeka, na nesi kijana aliyeshika kalamu akautazama kwa wasiwasi kama vile yeye ndiye aliyeuharibu.

"Subiri kidogo, mama," akasema. "Kuna mwingine huko chini."

Huko chini kulikuwa na stoo ya jikoni, mahali hospitali ilipopokelea magunia ya mchele na viazi. Mzani wenyewe ulikuwa wa chuma, bapa, mpana kama mlango uliolazwa sakafuni, na juu yake ulikuwa na vumbi la unga. Wapakuzi wawili waliokuwa wakishusha mizigo kutoka kwenye gari walisimama, mmoja bado ana gunia begani, wakataka kuona kitakachotokea.

Yule mama alivua ndara zake, akapanda mzanini taratibu, akaweka mikono kiunoni.

"Andika na bei kabisa," akamwambia nesi. "Mzigo safi, hauna doa, hauna kiraka! Mwenye gari alilete kinyumenyume, tupakie!"

Mwenye gunia alilitua chini ili acheke vizuri. Mpishi mkuu alichungulia kutoka jikoni akiwa na mwiko mkononi, akauliza kuna nini, naye alipoelezwa akacheka mpaka akajifuta macho kwa aproni. Nesi kijana aliegemea ukuta, kalamu ikamponyoka. Mama mwenyewe alicheka kuliko wote. Lakini walipokuwa kwenye lifti wakirudi juu, nesi bado akichekacheka, mama alikaza macho kwenye namba za ghorofa zilizokuwa zikiwaka na kuzimika mpaka mlango ulipofunguka.

Sokoni walimwita Spika. Alikuwa mnadi wa nguo za mitumba, na tangu asubuhi hadi jua kupoa alisimama juu ya meza yake akinadi makoti na mashuka kwa sauti iliyofika mpaka upande wa pili wa barabara. Hakuhitaji kipaza sauti. Wenzake walisema angeweza kumuuzia mtu kiatu cha mguu mmoja na mteja akaondoka akishukuru. Nusu ya biashara ilikuwa sauti, na nusu nyingine ilikuwa mzaha, na sehemu kubwa ya mzaha huo ilikuwa juu ya mwili wake mwenyewe. Alishajua tangu akiwa msichana kwamba watu watacheka tu. Basi akaona afadhali awachagulie mwenyewe cha kuchekea, kuliko kuwaachia wachague wao.

Sasa mwili huo ulikuwa umeanza kumwelemea kweli. Sukari ilikuwa imepanda ikakataa kushuka. Magoti yalilia kila akipanda mezani. Na usiku pumzi yake ilikuwa inakatika usingizini. Mumewe, kinyozi mwenye duka dogo karibu na nyumba yao, alikuwa halali. Alikuwa anajilaza ubavuni kwake akisikiliza, na pumzi ikikatika anamtikisa bega mpaka ashtuke na kuvuta hewa. Asubuhi mkono wa kinyozi ulikuwa mzito, na mara moja alimkata mteja sikio.

Daktari bingwa aliwaeleza kwamba kuna upasuaji. Tumbo la chakula lingekatwa, sehemu kubwa itolewe, libaki jembamba kama ndizi. "Siyo urembo," alisema. "Ni tiba kama tiba nyingine."

Walipotoka pale, kinyozi alitembea naye hadi kituoni. Halafu akasema, "Kwa watu tuseme unatolewa mawe ya nyongo."

"Kwa nini?"

"Watu wana maneno, mke wangu. Unamjua dada yangu. Atasema umeshindwa kufunga mdomo mpaka ukafungwe kwa kisu."

"Kwa hiyo mawe yana heshima kunizidi mimi," akasema Spika, akicheka. Kinyozi naye akacheka, na jambo likapita kama mzaha.

*

Alizinduka kutoka upasuaji wa kwanza akiwa na vidonda vidogo vitano vya tumboni, vilivyofunikwa plasta, na kiu ambayo hakuwahi kuijua maishani. Maji alipewa kwa kikombe kile kidogo cha kupimia dawa. Anywe tone, asubiri, anywe tone lingine.

"Hii ni baa ya wapi?" akauliza kwa sauti ya kukwaruza. "Mnamimina kama mnadaiwa."

Wodi nzima ya akina mama ilicheka. Kitanda cha jirani kilikuwa na mwalimu mstaafu aliyetolewa kidole tumbo, mama mkavu mwenye miwani, ambaye alijizuia asicheke kwa sababu ya mshono wake, akashindwa, akaanza kulalamika huku anacheka. Tangu siku hiyo kitanda cha Spika, kile cha dirishani, kikawa ndiyo redio ya wodi. Manesi waliobadilishana zamu walipitia kwake kwanza kupata habari za siku.

Vilikuwepo vingi vya kuchekea. Gauni la hospitali halikufunga nyuma, kwa hiyo alivaa mawili, moja mbele na moja mgongoni, akatangaza kwamba huo ndio mshono mpya wa mwaka. Kiti cha magurudumu kilimbana mapajani hata wahudumu wawili wakalazimika kukishika ili achomoke. Akawaambia wakiacha hivyo hivyo, ataondoka nacho bila kulipa. Mkanda wa kupimia presha ulikuwa mfupi. Kila nesi alipoujaza hewa, ulifyatuka mkononi mwake kwa kishindo. Mkanda mpana ulikuwepo mmoja tu, nao ulikuwa umeazimwa na wodi nyingine.

"Basi tuseme presha yako nzuri," nesi kijana alimwambia siku moja, akikunja ule mfupi. "Mtu anayecheka hivi ana presha gani?"

"Andika presha ya kumuuzia mtu koti wakati wa joto," akajibu Spika.

Nesi akacheka, akapita kitanda cha pili.

Binti yao wa pekee, aliyekuwa akisomea ualimu, alikuja kila saa ya kutazama wagonjwa akiwa na baba yake. Alimsaidia mama yake kutembea koridoni, hatua za taratibu, mkono mmoja umeshika chuma cha dripu. Mara ya kwanza walipofika mpaka mwisho wa koridoni na kurudi, kinyozi alipiga makofi. Watu waligeuka kumwangalia, akashusha mikono kwa haya.

"Dada yangu anauliza yale mawe," akasema kwa sauti ya chini baada ya mkewe kujilaza kitandani. "Anataka kuyaona. Anasema wengine hupewa kwenye kichupa."

"Mwambie nimeyauza," akasema Spika.

*

Maumivu ya bega yalianza siku ya tatu, asubuhi, baada ya chai kupita kwa wale walioruhusiwa chai. Lilikuwa bega la kushoto, juu kabisa, kama mtu amechomeka kidole kati ya nyama na mfupa. Alimwambia nesi kijana.

"Ni gesi hiyo, mama. Wakati wa upasuaji wanajaza hewa tumboni, sasa inatafuta njia. Wengi wanalalamika. Utembee tu."

Akatembea. Alifika nusu ya koridoni akashika ukuta. Moyo ulikuwa unamwenda mbio kama mtu aliyekimbizwa, na alikuwa hajakimbia. Jasho lilimtoka shingoni, la baridi. Akarudi kitandani akiburura miguu.

Daktari mdogo wa zamu alipita na kundi lake. Akasimama mguuni pa kitanda, akauliza, "Haya, msanii wetu anaendeleaje?"

"Nakufa, daktari," akasema Spika.

Kundi zima likacheka. Hata daktari alitabasamu. "Usife leo, kuna foleni," akasema, akampapasa tumbo juu ya gauni, akasema liko laini, akaendelea na safari yake.

Spika aliwatazama wakiondoka. Alikuwa amesema kweli. Lilimtoka neno lilelile alilozoea kulitumia akipanda ngazi, akibeba ndoo, akiona bei ya vitu. Mara ngapi kwa siku alikuwa anakufa? Nao wakalipokea kama walivyozoea. Alijaribu tena adhuhuri, mtu alipokuja kubadilisha dripu, akaambiwa, "Leo umetupania, mama." Mkanda mpana bado ulikuwa haujarudishwa. Tangu asubuhi hakuna aliyempima.

Saa ya kutazama wagonjwa binti yake alimkuta amelalia ubavu, midomo mikavu, macho yamefunguka sana.

"Mama, vipi?"

"Mwanangu, siko sawa. Kuna kitu kimeharibika humu ndani."

"Kitakuwa kinywa," akasema binti akitabasamu, akimwekea mto vizuri. "Kimechoka kunadi."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa lugha ya nyumbani kwao, lugha ambayo mama yake ndiye aliyemfundisha. Spika alimwangalia usoni mtoto aliyemzaa, akaona hana hata chembe ya hofu. Hapo ndipo alipoogopa kwelikweli. Aliona kwamba angeweza kufia hapo, mchana kweupe, amezungukwa na watu wanaompenda, wote wanacheka.

Akamshika binti mkono. "Niinue."

"Pumzika kwanza, mama."

"Nimesema niinue nikae."

Binti akamwinua. Spika akashika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, akavuta pumzi yote iliyobaki, pumzi fupi iliyomchoma ubavuni, na akatoa ile sauti yake ya juu ya meza.

"Nesi!"

Kijiko kilianguka mahali. Nesi kijana aligeuka akiwa ameshaanza kutabasamu.

"Safari hii sichekeshi," akasema Spika. Sauti ilikuwa imeanza kukatika lakini hakuishusha. "Kila mtu anisikie. Mimi ni mgonjwa. Bega linauma kuanzia asubuhi. Moyo unakimbia, pumzi haifiki, nina homa na ninatoka jasho la baridi. Hii si gesi. Nimetembea, nimenyamaza, nimengoja. Sasa nataka nipimwe, na nataka aitwe aliyenipasua. Sicheki, na asicheke mtu."

Kisha mwalimu mstaafu, kutoka kitanda cha jirani, akavua miwani yake na kusema kwa sauti kavu ya darasani, "Mmesikia. Mnasubiri nini?"

Mkuu wa wodi, mama mfupi wa makamo ambaye manesi walimwita Sista, alitoka ofisini kwake. Hakuuliza kitu. Alimshika Spika kifundo cha mkono, akatazama saa yake, na uso wake ukabadilika kabla hajamaliza kuhesabu. "Kalete mkanda mpana," akamwambia nesi kijana. "Popote ulipo. Kimbia." Akamgusa paji la uso, akamgeukia binti. "Baba yuko wapi?"

"Anakuja, yuko njiani."

"Mpigie afanye haraka."

Nesi kijana alikimbia kweli, viatu vikilia koridoni. Spika akaanza kuteleza kurudi kwenye mto, na binti, ambaye sasa uso ulikuwa umemsawajika, akamkumbatia asianguke. "Mama nisamehe," akawa anasema. "Mama, nisamehe."

"Nishike vizuri," akasema Spika. "Basi."

*

Daktari bingwa alikuja na viatu vya chumba cha upasuaji. Wakampeleka kwenye mashine ya picha, wakamnywesha dawa yenye ladha ya chuma, na picha ikaonyesha: sehemu moja ya mshono wa ndani ilikuwa imeachia, na majimaji ya tumbo yalikuwa yakivujia kule yasikotakiwa. Bingwa alimweleza mwenyewe, akiinama karibu na sikio lake, bila kuzungukazunguka.

"Tunarudi ndani sasa hivi. Nitaosha, nitaziba, nitaweka mpira wa kutolea uchafu. Umewahi. Ungekaa mpaka kesho, nisingekuwa na maneno ya kukwambia."

"Na kama ningekaa kimya?"

"Ndiyo hivyo ninavyosema."

Kinyozi aliwahi mlangoni mwa chumba cha upasuaji akiwa bado amevaa koti lake jeupe la kazi, nywele za wateja begani. Alimshika mkewe mguu, kwa kuwa ndiyo sehemu pekee aliyoifikia kitanda kikipita. Milango ikafungwa.

Kuhusu siku zilizofuata, Spika alibaki na vipande tu. Chumba chenye mashine zinazolia. Mpira puani, mpira ubavuni. Mtu anamgeuza, mtu anasema "umefanya vizuri, mama". Sauti yake ilikuwa imetoweka kabisa kwa sababu ya bomba lililopitishwa kooni, na alikuwa akiomba maji kwa macho. Humo ndani alikutana na jambo ambalo hakulitarajia: watu walimwangalia usoni. Alikuwa hana mzaha wa kuwapa, hana hata neno, na bado walimkalia karibu, wakamfuta jasho, wakamuuliza, wakasubiri aitikie kwa kichwa.

*

Aliporudishwa wodini, mwalimu mstaafu alikuwa ameruhusiwa kwenda nyumbani, ila alimwachia salamu kwa Sista: "Mwambie sauti kama ile inafaa kwenye baraza la shule."

Nesi kijana ndiye aliyekuja kumwogesha. Alileta beseni, akavuta pazia, akaanza kazi bila maneno. Alimwosha mgongo, mikono, vidole kimoja kimoja. Alipofika shingoni, mikono yake ikasimama.

"Mama, mimi nilidhani…"

"Najua ulichodhani," akasema Spika. Sauti ilikuwa bado ya kunong'ona. "Mimi ndiye niliyekufundisha kudhani hivyo. Lakini wewe ndiye nesi."

"Ndiyo, mama."

"Basi. Maliza shingo, maji yanapoa."

Msichana akamaliza shingo, machozi yakimtoka, na Spika akamwacha alie bila kumchekesha. Ilimgharimu. Neno la mzaha lilikuwa tayari ulimini, zuri kabisa, lingemfariji mtoto wa watu mara moja. Akalimeza.

Jioni kinyozi alikuja na chanuo, mafuta na taulo. Nywele za mkewe zilikuwa zimesokotana kwa kulala. Akakaa nyuma yake kitandani, akaanza kuzichambua kuanzia nchani, kama afanyavyo kwa watoto wanaoogopa. Alikuwa katikati ya kazi hiyo dada yake alipoingia, na nyuma yake wanawake watatu wa sokoni, wamebeba maua na chupa za maji.

"Wifi, pole," akasema dada mtu, akivuta kiti. Macho yake yalikuwa yanatembea kwenye mipira na plasta. "Pole sana. Lakini hayo mawe, wifi, ni mawe gani ya kutolewa mara mbili? Mimi jirani yangu alitolewa mawe, akarudi nyumbani siku ya pili anafua nguo. Au kuna mengine hatuambiwi?"

Wanawake wa sokoni wakatazamana. Spika alifumba macho. Hakuwa na nguvu za kuchekesha wala za kudanganya. Akasubiri mumewe ajibu, na mgongoni akahisi chanuo limesimama.

"Hakuna mawe," akasema kinyozi.

"Eti?"

"Hakukuwa na mawe. Mke wangu amepunguzwa tumbo. Amekatwa tumbo la chakula ili sukari ishuke na apumue usiku. Mimi ndiye niliyetunga hayo mawe, kwa sababu nilikuwa naogopa mdomo wako, dada."

Dada mtu akasukuma kiti chake nyuma.

"Naogopa mdomo wa dada yangu, mtu mzima na ndevu zangu," kinyozi akaendelea, na sauti yake ya kila siku, ile ya chini ya kuuliza mteja upande gani apunguze, ikaanza kupanda. "Na yeye huyu hakuogopa kulala chini ya kisu. Mshono ukaachia. Watu wakamwambia ni gesi. Akakaa kitako hapa, hapa hapa, na homa yake, akawaambia madaktari na manesi kwamba ninyi mmekosea, nipimeni. Bila hivyo ningekuwa nimemzika. Ukiulizwa huko nje, dada, sema hivyo. Wifi yako alipunguzwa tumbo, tena akarudi mara ya pili, akashinda zote mbili. Na ukisahau sehemu yoyote, njoo dukani nitakukumbusha."

Mmoja wa wale wa sokoni, muuza mashuka, alianza kupiga makofi, polepole, halafu wa pili akaungana naye. Safari hii kinyozi hakuona haya. Dada mtu alivutavuta ncha ya kitambaa chake, akatazama sakafu, kisha akanyoosha mkono akamgusa wifi yake mguuni.

"Inauma sana?" akauliza, na lilikuwa swali la kweli.

"Inauma, wifi," akasema Spika. "Lakini napumua."

Chanuo likaendelea na kazi yake. Aliliacha lipite kichwani, macho amefumba, akahisi kifua kimejaa kitu ambacho kwa kitambo hakukipatia jina. Ilikuwa fahari. Siyo ile ya kuuza koti bovu kwa bei nzuri. Hii ilikaa chini zaidi na haikudai watazamaji.

*

Miezi ilipita kabla ya Sista kumpigia simu. Hospitali ilikuwa inawakutanisha manesi na madaktari wa wodi za upasuaji, na daktari bingwa alitaka wamsikie mgonjwa mwenyewe. "Siyo kwa kuwagombeza," akasema Sista. "Ila ukitaka kuwagombeza, mimi sitakuzuia."

Spika alikwenda na mumewe na binti. Sukari ilikuwa imeshuka, magoti yalikuwa yamenyamaza, na kinyozi alikuwa akilala usiku kucha hata kukoroma, jambo ambalo lilimpa mkewe zamu ya kumtikisa bega. Gauni alilovaa alilishona upya kutoka gauni lake la zamani, na bado kitambaa kilibaki.

Ukumbi ulikuwa mdogo, viti vya plastiki, watu wengi wamevaa nguo za kazi. Nesi kijana alikuwa mstari wa mbele, daftari mapajani. Yule daktari mdogo wa zamu alikaa nyuma, karibu na mlango. Spika alisimama mbele yao, akaziona nyuso zote zimejiandaa kucheka. Sifa zake zilikuwa zimemtangulia.

"Mlinipima kwenye mzani wa viazi," akaanza.

Baadhi wakaangua kicheko. Yeye hakucheka, akasubiri mpaka kikafa chenyewe.

"Nilicheka siku ile, na mlicheka. Niliporudi juu sikuwa na hamu hata ya kuangaliwa. Gauni langu halikufunga. Mkanda wa presha ukawa haunifai, basi ikawa sipimwi. Siku niliyokuwa ninakufa hakuna aliyenipima, kwa sababu mkono wangu ni mnene. Hilo nataka mlibebe kama lilivyo. Wekeni mzani mkubwa humo humo wodini, nyuma ya pazia. Wekeni mikanda ya kutosha, na magauni ya kufunga. Mtu akishalala kitandani kwenu, mwili wake si mgeni tena. Mlishajua anakuja."

Daktari bingwa alikuwa akiandika. Daktari mdogo alikuwa ameinamisha kichwa.

"La pili ni gumu kidogo," akasema Spika. "Sisi wanene tunachekesha. Tumezoea. Mtu akikwambia anakufa huku anacheka, cheka naye ukipenda, hakuna ubaya. Halafu vuta pazia, umuulize tena. Muulize mara ya pili. Mimi hakuna aliyeniuliza mara ya pili. Nilibahatika kuwa na sauti. Kuna mwenzangu mahali hana."

Hakuwa na la zaidi. Akawashukuru, akakaa. Hakukuwa na makofi kwanza. Walikaa kimya, na kimya hicho alikipenda kuliko makofi yote aliyowahi kupigiwa sokoni. Kisha nesi kijana akasimama, na wengine wakasimama. Daktari mdogo alimfuata mlangoni, akamnyooshea mkono, akasema, "Mama, nilikukosea." Spika akaupokea mkono, akaubana sawasawa, akasema, "Ulikosea. Asante kwa kuja."

Koridoni kinyozi alitangulia kwenda kuita teksi, binti akamfuata na mkoba. Spika alikuwa akijifunga kitambaa kichwani alipoona, kwenye benchi la nje ya chumba cha daktari, mwanaume mnene sana amekaa pembeni mwa mkewe mwembamba. Alikuwa ameweka koti mapajani kuficha tumbo. Mhudumu alipopita kumwambia zamu yake inakaribia, mwanaume alisema kwa sauti ili benchi zima lisikie, "Waambie kisu hakitoshi, waje na msumeno! Na lori la kubebea vinavyobaki!"

Benchi zima likacheka. Mkewe akampiga begani kwa kicheko. Mwanaume akacheka pia, kisha akamtupia jicho Spika, kama kumuuliza mbona wewe hucheki.

Spika alimsogelea. Mlango wa nje ulikuwa wazi na kinyozi alikuwa akimpungia mkono, teksi imefika. Akamwashiria asubiri.

"Unaogopa?" akamuuliza yule mwanaume.

Mwanaume akaanza kujibu kwa mzaha. Ulionekana ukija usoni. Halafu ukapotea njiani. Akaangalia koti lililokuwa mapajani mwake, akalikunja, akalikunjua.

"Sana," akasema. Mkewe aligeuka kumtazama, kicheko kikamwisha.

"Haya," akasema Spika. Wakamsogezea nafasi, akakaa. "Niambie unaogopa nini."